Nembo za Marubani Wetu Ziko Wapi?

Mpenzi mwanafunzi, Ulaya na Marekani wako watu wanaotumia umri wao kukusanya beji za marubani wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadhi ya beji huchunguzwa mpaka ajulikane aliyeivaa, kikosi chake na mahali alipofia.

Sisi nasi tunayo historia ya aina hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli waliofika Entebbe kuwakomboa mateka waliteketeza ndege zetu za kivita aina ya MiG zikiwa zimeegeshwa. Oktoba 1978 Vita vya Kagera vikazuka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Je, umewahi kuiona beji ya rubani yeyote wa jeshi lile? Mimi sijaiona. Siku zile za Aprili, nani angethubutu kubaki na tepe la jeshi la Amin sandukuni mwake?

(Kwa faida yako: tepe huonyesha cheo, nembo hutambulisha kikosi, na nishani hutunukiwa mtu kwa ushujaa au utumishi. Usizichanganye katika insha.)

Hofu ya zamani imeongezewa mpya. Septemba 2019 jeshi lilitangaza katika Gazeti la Serikali orodha ya mavazi yake, kofia nyekundu ikiwamo, na raia akikutwa nayo bila idhini aweza kushtakiwa. Sipingi mhalifu kuzuiwa asijifanye askari. Ninachodai ni kwamba beji ya 1976 iliyoota kutu isihesabiwe sawa na gwanda la leo. Mjane au mjukuu aliyeificha apewe njia ya kuikabidhi Makumbusho ya Uganda, pale Kamwokya, bila kuhojiwa kama mtuhumiwa.

Utaniambia kwamba watu wale walimtumikia dikteta. Ni kweli, lakini kuhifadhi si kusifu. Niliwauliza wanafunzi wangu ni nani aliyeuawa Entebbe usiku ule. Jina la Yonatan Netanyahu, kamanda wa Kiisraeli, lilitajwa mara moja. Nilipoomba jina la askari mmoja tu wa Uganda, darasa zima likanyamaza.

Usinunue beji mitaani. Utajitia matatani bure. Likizo hii mtafute babu au jirani aliyewahi kufanya kazi Entebbe, umwombe akuchoree alichovaa begani na akutajie wenzake. Kisha uyaandike maelezo yake kwa Kiswahili, lugha waliyoamrishwa nayo kambini.