Mkate Si Lazima Utoke Mjini

Wako wenzetu humu bwenini wasemao kwamba mkate ni chakula cha mjini, na ya kuwa asiye na jiko la umeme hawezi kuoka. Mimi natoka Ruaruke, karibu na Delta ya Rufiji, wala sikubaliani nao hata kidogo. Natoa hapa sababu zangu, na asiyeridhika nazo anijibu katika toleo lijalo.

Kwanza, kuoka hakukuletwa kwetu na umeme. Mama zetu wa pwani hupika mkate wa kumimina kwa mchele, tui na hamira, wakiupalia makaa juu na chini mpaka uive. Basi tanuri tunalo: ni sufuria, kifuniko na makaa.

Pili, kazi yenyewe si ndefu. Hamira ni kitu chenye uhai, nayo hutaka kungojwa hata unga uumuke. Bekingi pauda haingojwi. Ikilowana na kupata moto hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iuinuayo mkate. Kwa njia hii mkate wa mdalasini huwa tayari kwa muda wa saa moja na kidogo.

Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha unga wa mchele, nusu kikombe cha sukari, vijiko vidogo 3 vya bekingi pauda, vijiko vidogo 2 vya mdalasini uliosagwa na chumvi kidogo. Katika bakuli jingine piga mayai 2, utie kikombe 1 na nusu cha tui na robo kikombe ya mafuta. Changanya vyote upesi, wala usikande, maana ukikanda mkate huwa mgumu. Mimina katika chombo kilichopakwa mafuta, ukiweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha pata moto. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu. Baada ya dakika 40 hivi choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Tatu, tazameni vitu hivi vitokako. Ngano nyingi tulayo Tanzania hununuliwa ng'ambo. Vita ya Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Lakini mchele na nazi ni mali ya Rufiji, na mdalasini ni gome la mti uoteao Unguja, Pemba na Muheza. Kila kikombe cha unga wa mchele tutiacho hupunguza ngano ya kununua.

Wengine watasema kwamba tutamaliza mikoko kwa kuni. La! Vifuu vya nazi vyatupwa kila siku, navyo hutoa makaa makali. Mikoko tuiache ilinde pwani na mazalio ya samaki.

Wako pia wavulana wasemao kuwa jikoni ni mahali pa dada zao. Hao nawauliza: waokaji wa mikate ya madukani, je, si wanaume wengi miongoni mwao? Kazi ikiwa na mshahara huwa ya mwanamume, na isipokuwa nao huwa ya dada? Hiyo si haki.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kidato cha Nne. Mtihani wetu hufanywa Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Miezi ile yote tutakaa nyumbani tukilishwa na wazee ambao wametulipia mengi. Kijana aokaye mikate miwili alfajiri, akala mmoja na ndugu zake na kuuza vipande vya wa pili, hatakuwa tajiri. Lakini hataomba fedha ya sabuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne