Kijana, usiuze aplikesheni, uza kuku aliyechanjwa

Leo naomba niongee zaidi na vijana, ila wazazi msiondoke, maana mara nyingi hela inatoka kwenu.

Siku hizi nikipita vijijini siulizwi mbegu na mbolea tu. Vijana wananiuliza, "Bwana shamba, eti ni kweli mtu anaweza kutengeneza aplikesheni ya simu bila kujua kuandika kodi, akaiuza?" Mmoja alishatafuta mnunuzi wa mbuzi wawili ili alipie kozi ya mtandaoni ya wiki mbili. Tangazo lilimwambia ataingiza hela akiwa amelala.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kutengeneza inawezekana kabisa. Kuuza ndiko kwenye kazi, na huko tangazo halikupeleki.

Tuanze na kutengeneza. Ipo MIT App Inventor, ni ya bure, unapanga vipande kwenye kioo badala ya kuandika kodi. Zipo Glide na AppSheet, ambazo unaanza na jedwali la kawaida: safu ya majina, safu ya tarehe, safu ya namba, zenyewe zinaligeuza kuwa kurasa za simu. Unaweza kuzijaribu bila kulipa, na mafunzo ya bure yapo mengi. Kwa hiyo mbuzi waache wale majani.

Ila ujue gharama zinakojificha. Ukitaka programu yako iwe kwenye duka la Google, unalipa dola 25 mara moja, zaidi ya shilingi elfu 60. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Na kwa Glide na AppSheet, watumiaji wakiongezeka unaanza kulipa kwa dola kila mwezi. Hapo umepanga, hujajenga nyumba yako. Mwenye nyumba akipandisha kodi ya pango, utalipa au utahama.

Sasa kuuza. Vijana wengi wanakimbilia "aplikesheni ya kilimo bora", yenye maelezo ya mazao kumi na picha. Nani atailipia? Mama mwenye kitochi hawezi hata kuifungua. Mwenye simu janja anabania bando, na maelezo hayo anayapata kwangu na redioni bila kulipa. Tazama iCow ya Kenya, iliyoanzishwa na Su Kahumbu. Ilijulikana kwa kumfikishia mfugaji ushauri kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kawaida, maana hiyo ndiyo simu aliyokuwa nayo.

Mimi nasema hivi: tafuta kwanza hasara ambayo watu wanaiona kwa macho. Nitoe mfano mmoja, kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kuku, inarudiwa kila miezi mitatu. Wafugaji wengi wanalijua hilo. Mbona basi banda linabaki tupu kila kiangazi? Kwa sababu chupa moja ina dozi za kuku wengi, na ikishafunguliwa haitunziki hadi awamu ijayo. Mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake, anasubiri wenzake, na wenzake wanamsubiri yeye.

Hapo kinachokosekana siyo elimu. Anakosekana mtu wa kuzikusanya kaya 15 siku moja. Kazi hiyo jedwali linaiweza: jina, kitongoji, namba ya simu, idadi ya kuku, tarehe ya chanjo iliyopita, tarehe inayofuata. Aplikesheni inakaa kwenye simu ya mchanjaji tu, inamwonyesha wiki hii ni zamu ya nani na wapi. Mama anapigiwa kwenye kitochi chake, basi.

Hela inatoka wapi? Mama analipia tone, kama alivyozoea. Tuseme ni shilingi 100 kwa kuku. Kaya 15 zenye wastani wa kuku 10 ni shilingi 15,000 kwa awamu. Toa chanjo, toa nguvu ya mchanjaji, wewe unabaki na kidogo. Siyo utajiri. Lakini ukiwa na vitongoji kumi na wachanjaji watatu wanaoona kwamba bila orodha yako wanatembea bure, hao watakulipa. Wananunua siku ya kazi iliyopangika, na mama ananunua kuku aliye hai.

Mtaniambia wapo wanaouza programu dunia nzima. Wapo, sikatai. Lakini kwenye lile duka utakaa rafu moja na programu zaidi ya milioni moja, na hakuna anayekujua. Hapa kijijini unajua hadi njia ya kwenda kwa mama.

Mambo mawili usiyafanyie mzaha. La kwanza, usinakili vipimo vya dawa mtandaoni ukawatumia watu. Fuata maelekezo ya kwenye chupa, na muulize mtaalamu wa mifugo. Ukikosea tarakimu moja, anayezika kuku siyo aliyekuuzia kozi. La pili, majina na namba za simu za watu ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ridhaa, na orodha usimuuzie mtu.

Kwa hiyo anza na daftari. Fanya awamu moja kwa kalamu katika kitongoji chako, usubiri miezi mitatu, ufanye ya pili. Watu wakirudi wenyewe na kurasa zikaanza kukuchanganya, hapo fungua jedwali kwenye simu. Wasiporudi, umepoteza bei ya daftari tu, na mbuzi wako bado wapo zizini. Ukikwama kwenye ratiba ya chanjo, njoo ofisi ya kata. Ushauri huo hatutozi.