Seva ya Shule Isiwe ya Mtu Mmoja

Ipo dhana potofu miongoni mwa baadhi ya wakuu wa shule kwamba pasipo intaneti hapana tovuti. Si kweli. Kompyuta moja ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, ikiwekewa Linux na Apache, programu zisizodai ada ya leseni, kisha ikaunganishwa kwa waya na kompyuta za darasani, yatosha kuwa seva. Wanafunzi husoma humo ratiba, masomo na mazoezi bila kununua kifurushi.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 uliitaka shule iwe na shamba au karakana yake. Seva nayo ni karakana.

Lakini karakana hii mara nyingi hukabidhiwa mwalimu mmoja kijana. Huijenga usiku, bila posho, na neno la siri hubaki kichwani mwake. Siku anapohamishwa, seva hugeuka sanduku la kukusanya vumbi. Kosa hilo si lake. Ni la uongozi uliofurahia matunda bila kuuliza mti unamwagiliwaje.

Neno la siri na liandikwe, lifungiwe kabatini pamoja na vitabu vya hesabu. Wanafunzi kadhaa wa kila kidato wafundishwe kazi hiyo. Nakala ya diski itunzwe chumba kingine, maana umeme unaokatika ghafla waweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Na mthibiti ubora afikapo kuhesabu madawati, aulize pia ni wangapi shuleni wawezao kuirejesha seva ikizimika.