Aliyeshona turubai lake asikatwe kwenye orodha

Vijana wenzetu, mvua za Kigoma ndo hizo zinakaribia. Mnajua kitakachofuata: usiku maji yanadondoka kwenye mkeka, mama anahamisha watoto kona hii na kona ile, masufuria yote yako chini yanakinga maji. Asubuhi ukiangalia juu unakuta tundu lilianzia pale kwenye msumari, dogo tu kama kidole.

Turubai la UNHCR, lile la mita 4 kwa 5, ndani yake ni nyuzi za plastiki zilizosukwa, halafu likapakwa plastiki nyingine juu na chini. Likichanika, mpasuko unafuata nyuzi, na upepo ukilivuta ndo unazidi kukimbia. Kwa hiyo tundu la kidole lishonwe likiwa bado la kidole.

Kushona kwenyewe si kazi. Kata kiraka kwenye turubai la zamani, kizidi mpasuko kwa vidole vitatu kila upande, na kona zake uzikate mviringo maana kona kali ndo zinaanza kubanduka. Shona kwa shazia na uzi wa nailoni. Matundu ya sindano nayo yanavuja, kwa hiyo pitisha utepe mpana wa kunata juu ya mshono, ila kwanza osha hilo vumbi jekundu kwa sabuni na uache pakauke kabisa. Gundi ya viatu msihangaike nayo, tumeshajaribu, plastiki hii haiikubali. Na ukipiga msumari, weka kipande cha kandambili kuukuu chini ya kichwa chake.

Sasa mbona watu hawashoni? Sio uvivu jamani. Mara ya mwisho walipopita kukagua, mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na viraka saba, vimeshonwa vizuri kabisa. Wakaandika kwamba lake bado zima. Jirani yake aliyeacha lake likaning'inia vipande vipande akapata jipya. Yaani mtaa mzima ulielewa hapohapo: ukishona, umejikata mwenyewe kwenye orodha.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunaongea na nyinyi. Kiraka hakirudishi turubai kuwa jipya, jua limeshalila. Mkija kukagua, hesabuni viraka kama uchakavu, ulizeni lilitolewa mwaka gani, lishikeni kwa mkono mwone kama linakatikakatika. Na mkigawa mapya, wekeni humo shazia, uzi na utepe, halafu yale ya zamani muachie watu wapate viraka. Hiyo haiwezi kuzidi bei ya turubai moja jipya.

Sisi tuna shazia mbili na tunapita kushona kila Jumamosi, kwa wazee kwanza. Yule mama tulimfuata wiki iliyopita, limepasuka tena upande wa mlango. Akatuambia, wanangu, asanteni, ila langu msiliguse mpaka wakaguzi wapite.