Mambo ya Nyumbani: Kiwanja cha Mtoto

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya nyumba za namna moja zilizoko Uthai, nchi iliyoitwa zamani Siam. Katika nyumba hizo baba ni mgeni na mama ni mwenyeji. Wakipata watoto, hujiuliza swali lile ambalo kila mzazi hujiuliza usiku: tutakapokufa, hawa watakaa wapi? Lakini kwao swali hili lina fundo, maana sheria haimruhusu baba kuandikwa mwenye ardhi, ila kwa nadra sana.

Sheria yao ya Ardhi ilitolewa mwaka 1954. Ilimwachia mgeni mlango mmoja, ndio mapatano kati ya Uthai na nchi yake. Lakini tangu mwaka 1970 mapatano ya namna hiyo hayako tena. Mwaka 1999 mlango mwingine ukafunguliwa: mgeni aletaye baht milioni 40 za kuendesha mali nchini aweza kuomba rai moja ya kujengea makao. Rai ni mita za mraba 1,600. Mtu wa mshahara wa kawaida hafiki huko.

Zamani hata mama alibanwa. Mwanamke Mthai aliyeolewa na mgeni alizuiliwa kununua ardhi, kwa hofu kwamba ardhi ya nchi ingepita mikononi mwake ikamfikia mumewe. Mwaka 1999 kamba ililegezwa. Sasa mke aweza kununua, lakini yeye na mumewe hutakiwa kutia sahihi katika ofisi ya ardhi kwamba fedha zile ni mali ya mke peke yake. Mume akiisha kutia sahihi, amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba hana fungu. Mke akitaka kuiuza kesho, hana haja ya kumwuliza.

Hapo ndipo wengine husema, “Basi, na tukiandike kiwanja kwa jina la mtoto.” Jambo hilo lawezekana. Mtoto wa baba Mthai au wa mama Mthai ni Mthai tangu kuzaliwa, na Mthai aweza kumiliki ardhi hata akiwa bado mchanga. Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya sheria ya uraia kurekebishwa mwaka 1992, mama Mthai aliyezaa na mume mgeni nje ya nchi hakuweza kumpa mtoto uraia wake.

Lakini kabla ya kwenda ofisini yafaa wazazi wakae pamoja na kuulizana: je, twampa mtoto kweli, au twaliazima jina lake tu? Maana njia hizi mbili haziishii mahali pamoja.

Wakimpa kweli, ardhi si yao tena. Sheria ya Uthai humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 20, au aoe au aolewe kisheria kabla ya hapo; na katika muda huo wazazi hawawezi kuuza ardhi yake wala kuiweka rehani pasipo idhini ya mahakama. Tufanye mfano: baba ameugua, duka limefilisika, wadai wamekaa mlangoni. Akienda kwa hakimu kuomba kukiuza kiwanja, hakimu hatauliza baba ana shida gani, bali atauliza mtoto atapata faida gani. Baba aliyedhani ameweka akiba yake ataona kwamba aliweka akiba ya mwanawe. Wala tusimlaumu hakimu. Ndiyo kazi aliyowekewa.

Wakiliazima jina tu, wamo hatarini. Mthai ashikaye ardhi kwa niaba ya mgeni aweza kutozwa faini mpaka baht 20,000, au kufungwa mpaka miaka miwili, au vyote viwili. Mzazi gani atapenda jina la mwanawe liingie katika shauri la namna hiyo?

Iko njia iliyo wazi kwa baba aogopaye kufukuzwa uzeeni. Wathai wana haki waiitayo kwa lugha yao “kukusanya na kula.” Mwenye haki hiyo hukaa katika ardhi ya mwingine na kula mazao yake mpaka kufa kwake, bila ya kuwa mwenyewe. Huandikishwa katika ofisi ya ardhi. Lakini yafaa iandikishwe mapema, mama akiwa bado mwenye ardhi. Kwa sababu ardhi ikiisha kuwa ya mtoto, kuiwekea haki hiyo nako kwataka idhini ya mahakama.

Tena wazazi wasisahau kifo. Mama akifa bila wasia, mume na watoto hurithi pamoja kwa mafungu yaliyo sawa. Fungu la mume mgeni huhitaji ruhusa ya Waziri. Asipoipata, hupewa muda usiozidi mwaka mmoja aiuze ardhi hiyo. Kwa hiyo watoto waweza kumzika mama yao, na kabla ya mwaka kwisha wakamwona mtu mgeni akipima fungu la baba yao. Wasia wa mama, ulioandikwa mapema, wampa kila mtoto ardhi bila ya masumbuko hayo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza neno moja tu: anayeandika jina la mtoto katika daftari, na aliandike huku moyo wake umekwisha kuachilia.