Saratani ya ngozi si urithi wa mwenye ualbino

Kauli kwamba saratani ya ngozi ni sehemu ya ualbino imezoeleka mno, hata watu wenye huruma huitamka bila kusita. Mtu akiota kidonda sikioni, kikakauka, kikatoka tena, na mwaka ukapita hakijapona, watu husema ndivyo alivyoumbwa. Kauli hiyo si kweli, na katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, inagharimu maisha. Anachorithi mwenye ualbino ni upungufu wa rangi. Saratani hairithi. Inamjia baadaye, polepole, kutoka juani, na ipo miaka mingi ya kuizuia.

Tuanzie ndani ya ngozi. Mionzi ya jua iitwayo urujuanimno ikifika kwenye seli, huupiga uzi wa vinasaba, na herufi mbili zilizo jirani hugandana kama kurasa za daftari lililoloa. Mwili una mafundi wa kazi hiyo. Protini zinazotengenezwa kwa maelekezo ya jeni za ukarabati hupatambua mahali palipogandana, hukata kipande cha herufi kama 30, kisha huziba pengo kwa kunakili uzi wa pili ambao haukudhurika. Ni kazi inayofanyika usiku na mchana ndani ya kila mmoja wetu, na waliofafanua namna vinasaba vinavyokarabatiwa, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Seli ikigawanyika kabla fundi hajamaliza, kosa hunakiliwa na kuwa la kudumu. Likiangukia jeni ya TP53, ambayo huisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife, gari limekosa breki.

Uko ugonjwa adimu unaotuonyesha thamani ya mafundi hao, nao huitwa xeroderma pigmentosum. Mwaka 1968 mtafiti James Cleaver alionyesha kwamba seli za wenye ugonjwa huo zinashindwa kukarabati madhara ya jua. Mgonjwa anaweza kuwa na rangi ya ngozi kama ya wazazi wake, lakini jeni kama XPA au XPC zina hitilafu, na asipokingwa, saratani ya ngozi inaweza kumpata akiwa bado mtoto. Sasa mlinganishe na mwenye ualbino wa aina iliyoenea zaidi Afrika Mashariki, utokanao na hitilafu katika jeni ya OCA2. Mafundi wake ni wazima, kilichokosekana ni paa. Melanini, ambayo katika ngozi nyeusi huzuia sehemu kubwa ya mionzi, kwake ni kidogo mno, hivyo mafundi wanaletewa kazi nyingi kuliko uwezo wao, siku hadi siku. Saratani hizi mbili zinafanana, ila njia zake hazifanani. Katika ugonjwa ule wa kwanza bado hakuna namna ya kawaida ya kumrudishia mtu mafundi aliowakosa. Katika ualbino mafundi wapo, nasi tunachotakiwa ni kuwapunguzia mzigo. Anayesema hayo yote ni majaliwa hajatazama tofauti hiyo.

Na mzigo wenyewe huku juu ni mzito. Kasulu na Kibondo ziko nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko juu ya mita 1,000, ilhali urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Hewa ya ubaridi hudanganya, kwa sababu mionzi hii haisikiki kama joto, na mtu huungua bila kuona haja ya kukimbilia kivuli. Tena wengi ni wakulima. Mpaliaji wa maharage huinama, shingo ikabaki wazi kwa jua, masikio pembeni, migongo ya mikono ikitangulia na jembe. Ni hapohapo, shingoni, masikioni, mdomoni na mikononi, vidonda vinapopenda kuanzia. Wakati wa wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoanza kuripotiwa sana mwaka 2007, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa katika shule ya Kabanga, Kasulu, wapate usalama. Ulinzi ule ulikuwa wa lazima. Lakini lango likishafungwa jua huingia, na huingia kila siku.

Wapo watakaouliza kama wilaya zinazopambana na malaria zina fedha za mafuta ya kukinga jua. Swali ni la haki, kwa hiyo tuhesabu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Kwa mkoa wa Kigoma, uliokuwa na watu zaidi ya milioni 2.4 katika sensa ya 2022, hao ni kama watu 1,700. Idadi hiyo haiwezi kufilisi bajeti ya dawa, na mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi. Doa la awali huweza kuondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni ya baridi kali, ndani ya dakika chache. Likiachwa hadi liwe uvimbe unaokula shavu, safari ni ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na mara nyingi huko mgonjwa hufika amechelewa. Wengine husema kofia inatosha. Kofia pana ni kinga njema, lakini haifuniki mikono, na mionzi hurudi kutoka ardhini na kufika mdomoni. Wapo pia wazazi wanaohofu kwamba mtoto akiepushwa na shamba atakuwa mvivu au ataonekana ametengwa. Hofu hiyo naielewa, lakini kazi za nyumbani ni nyingi: palizi inaweza kufanywa alfajiri, na maharage huchambuliwa kivulini.

Kinga hii ianze kliniki, mtoto angali mgongoni mwa mama, kwa sababu kila mwaka wa jua bila kinga huacha makosa ndani ya seli. Mafuta yakae kwenye rafu ya zahanati pamoja na dawa nyingine, yasingoje mfadhili wa kuyagawa mara moja kwa mwaka. Walimu wa Kasulu na Kibondo, mwanafunzi mwenye ualbino asisimamishwe juani paredi ikirefuka, wala asipelekwe shamba la shule saa sita mchana. Nanyi wazazi, kidonda kikikaa wiki nne bila kupona, msingoje ya tano: mpelekeni mtoto kituo cha afya.