Barua ya Wazi kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala

Waheshimiwa,

Twawaletea shauri la majani ya dawa yachumwayo kandokando ya barabara kuu itokayo Chalinze, ikapita Mkata na Segera wilayani Handeni, kisha ikafuata Korogwe na Mombo. Kwani kivumbasi, mchaichai na mwarobaini iotayo hapo hupokea usiku na mchana moshi wa malori na vumbi la matairi na breki, na baadhi ya majani hayo huishia vyunguni mwa wagonjwa.

Mwaka 1983 wataalamu wa Bara Hindi, Singh na Rao, walitoa kanuni ya kupima ustahimilivu wa mmea katika hewa chafu kwa mambo manne: vitamini C iliyomo janini, umbijani, uchachu wa maji ya jani, na kadiri ya maji liliyoyahifadhi. Manufaa ya kanuni hiyo ni dhahiri, maana hutuongoza kuchagua miti ya kupanda iwe sitara baina ya barabara na makazi. Walakini, hupima uhai wa mmea, wala haipimi salama ya mnywaji; jani stahimilivu laweza kusitawi kijani kibichi, ilhali limenasa vumbi katika malaika yake, au limebeba masalia ya risasi iliyobaki udongoni tangu zama za petroli yenye risasi. Kuosha huondoa lililo juu, si lililokwisha kupenya. Na moto wa chungu, ujapochemsha kutwa, hauteketezi madini.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2003, lilitahadharisha kwamba mimea ya dawa isichumwe kandoni mwa barabara, mitaroni wala penye mabaki ya migodi. Na Handeni ina machimbo ya dhahabu.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu: tahadhari hiyo iwafikie waganga wa Kizigua, Kibondei na Kisambaa katika mikutano ya vijiji, majani yauzwayo masokoni Handeni na Korogwe yapimwe na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, na halmashauri za wilaya hizi zitenge mashamba ya dawa mbali na barabara, miti ya kandoni ibakie kuwa kinga ya hewa tu.

Sheria ya mwaka 2002 iliwakabidhi ninyi amana ya tiba hii. Neno lenu likichelewa, mgonjwa ndiye atakayedhurika.

Wasalaam,
Mwananchi wa Korogwe